Ufipa: Uwanda, Nyasi na Afya

Uwanda wa Ufipa umeinuka kati ya Ziwa Tanganyika na bonde la Ziwa Rukwa. Mji wa Sumbawanga uko mita 1,800 hivi juu ya usawa wa bahari, na mwinuko huo umegusa afya ya wakazi tangu zamani. Kwenye baridi, vimelea vya malaria hukua polepole ndani ya mbu, kwa hiyo homa haikuwasumbua watu wa juu kama ilivyowasumbua wa bondeni. Mbung'o nao hutaka vichaka na kivuli. Uwanda wa nyasi uliwanyima maficho, ng'ombe wakanusurika na nagana, ugonjwa unaoenezwa na mbung'o, na watu wakapata maziwa na nyama.

Nyasi hizo kwa sehemu ni kazi ya binadamu. Wafua chuma wa Kifipa walijenga matanuru ya udongo yenye kimo cha mita 3 hivi, yakila mkaa mwingi. Miti ilikatwa, moto na kilimo vikamalizia.

Ardhi iliyobaki bila miti ilirutubishwa kwa matuta yaitwayo ntumba. Mvua zikikaribia kwisha, mkulima hukata mabonge ya nyasi kwa jembe, huyapindua na kuyarundika kuwa tuta la mviringo. Nyasi huoza ndani, maharage hupandwa juu. Msimu unaofuata tuta husambazwa, ulezi ukapandwa.

Jina Sumbawanga lenyewe humaanisha “tupa uchawi”: kwa wenyeji, siha ilidai pia ujirani usio na husuda.