Kwa nini mshale wa juu unaandika ^[[A?

Leo tuache kidogo mambo ya tovuti na simu, tuingie kwenye lile dirisha jeusi la terminali. Fungua terminali ya Linux au ya Mac, andika cat, bonyeza Enter, kisha bonyeza kitufe cha mshale wa juu. Kielekezi hakipandi popote. Badala yake zinatokea alama nne: ^[[A. Wengi hudhani terminali imeharibika. Haijaharibika. Inafanya kazi iliyopangiwa kabla wengi wetu hatujazaliwa, na ukitaka kuandika programu inayosoma vitufe humo ndani, itakubidi ujue ilipangiwa hivyo kwa nini.

Waliojifunza C kwa Turbo C ya Borland kwenye DOS, na hapa Kenya tuko wengi, wanaikumbuka getch(). Unabonyeza kitufe, programu inakipata papo hapo bila Enter. Mshale wa juu unakuja kama sifuri, halafu 72. Hamia Linux na msimbo ule ule: unaambiwa conio.h haipo. Weka getchar() mahali pake, na programu inakaa kimya mpaka mtu abonyeze Enter. Basi lawama zinaanza, eti Linux iko nyuma.

Ukweli ni kwamba hizi ni koo mbili tofauti. IBM PC ya mwaka 1981 ilikuwa na kibodi yake yenyewe, waya wake mfupi, na kibodi hiyo ilituma namba kitufe kinapobonyezwa na namba nyingine kinapoachiliwa. DOS iliona vitufe. Unix, kwa upande wake, haikuletewa vitufe. Ililetewa herufi zilizokuja kwa waya, na mwanzoni upande wa pili wa waya huo palikuwa na mashine ya karatasi.

Mashine yenyewe iliitwa Teletype Model 33, ya mwaka 1963. Ifikirie kama taipureta ya umeme: kibodi, wino, na karatasi ndefu inayojiviringisha. Ulichoandika kilipita kwenye waya kama msimbo, herufi 10 kwa sekunde. Haikutengenezewa tarakilishi hasa. Ilikuwa ya kupelekeana ujumbe kati ya ofisi na ofisi. Wenye tarakilishi waliipenda kwa kuwa ilikuwa rahisi kuliko mashine nyingine. Ken Thompson alipoanza Unix mwaka 1969 huko Bell Labs, Marekani, alikaa mbele ya mashine ya aina hii. Ndiyo maana hadi leo amri ya kuuliza uko kwenye terminali gani ni tty, ufupisho wa jina la taipureta hiyo.

Model 33 ilizungumza ASCII, msimbo wa biti saba wenye namba 128. Kati ya hizo, 33 si herufi za kuchapwa bali maagizo: piga kengele, rudisha kichwa cha kuchapia, shusha mstari. Kitufe cha Ctrl kilikuwa na kazi moja tu, kuondoa 64 kwenye namba ya herufi. C ni 67, kwa hiyo Ctrl-C ni 3. I ni 73, kwa hiyo Ctrl-I ni 9, na 9 ndiyo Tab. M ni 77, kwa hiyo Ctrl-M ni 13, na 13 ndiyo inayotumwa na Enter. Alama ya [ ni 91, kwa hiyo Ctrl-[ ni 27, yaani Esc. Usiseme zinafanana. Kwenye waya ni kitu kimoja, na programu haina njia ya kujua mtumiaji alibonyeza kipi. Ukiona mtu analia kwamba hawezi kuipa Ctrl-I kazi yake tofauti na Tab, mwonyeshe hesabu hiyo ya kutoa.

Namba 127 ndiyo naipenda zaidi. Baadhi ya mashine hizi zilitoboa utepe wa karatasi ili ujumbe utumwe baadaye. Sasa ukikosea, tundu huwezi kuliziba. Lakini unaweza kurudisha utepe nyuma na kutoboa matundu yote saba, na msomaji wa utepe ameagizwa kuruka kila penye matundu saba. Saba zote zikiwa wazi ni 127, DEL. Hadi leo terminali nyingi zikibonyezwa Backspace hutuma 127, nyingine hutuma 8, na ugomvi wa hao wawili umepoteza saa nyingi za watu wazima. Ctrl-S nayo imetoka huko huko: 19 ilisimamisha msomaji wa utepe, 17, yaani Ctrl-Q, ikamwendesha tena. Siku skrini yako ikiganda baada ya kujaribu kuhifadhi faili kwa Ctrl-S, jaribu Ctrl-Q kabla hujafunga dirisha.

Sasa tuje kwenye Enter. Karatasi haifutiki. Kwa hiyo Unix ya kwanza, ikifuata desturi ya Multics, ilitumia alama ya # kufuta herufi iliyotangulia na @ kufuta mstari mzima. Ukiandika habaru#i, karatasi inaonyesha habaru#i, lakini programu inapokea habari. (Hebu fikiria kuandika anwani ya barua pepe kwenye mfumo wa namna hiyo. Ilibidi utangulize \ kila penye @.) Kazi hiyo ya kusafisha ilifanywa na kiini cha mfumo, si programu, na palikuwa na sababu nzito. Mashine moja ya PDP-11 ilihudumia watu wengi kwa kumbukumbu ndogo sana, na programu inayosubiri iliweza kuhamishiwa kwenye diski. Kuirudisha kwa ajili ya herufi moja tu, halafu nyingine, halafu nyingine, kungeiua mashine. Afadhali kiini kikusanye mstari, kiurekebishe, kisha kiiamshe programu mara moja. Watu wa Unix huita hali hiyo iliyopikwa, na kinyume chake, ambapo kila baiti hupelekwa kama ilivyo, huita mbichi. Sijaona lugha inayoyapokea maneno hayo vizuri kuliko Kiswahili.

Nani alikula mbichi? Mwaka 1976 George Coulouris wa Queen Mary College, London, alikuwa na terminali za skrini badala ya karatasi, na hakukipenda ed, kihariri cha Thompson ambacho karibu hakikuonyeshi kitu. Akaandika em, kihariri cha binadamu wa kawaida, kilichoonyesha mstari na kukuruhusu kuurekebisha huku ukiuona. em kilikuwa miongoni mwa programu za kwanza za Unix kutegemea hali mbichi kwa dhati. Majira ya joto ya mwaka huo alikipeleka Berkeley, California, na Bill Joy akakiona. Joy na Chuck Haley wakaanzia hapo kujenga ex, na kutoka ex ikazaliwa vi, iliyosambazwa kwa jina hilo katika 2BSD mwaka 1979.

Joy aliandikia kwenye terminali ya Lear Siegler ADM-3A, akitumia modemu ya baud 300, takriban herufi 30 kwa sekunde. Skrini ya mistari 24 yenye nafasi 80 ni herufi 1,920, kwa hiyo kuijaza yote kulichukua zaidi ya dakika moja. Sasa unaelewa kwa nini amri za vi ni herufi moja moja. ADM-3A haikuwa na vitufe vya mishale. Mishale ilichorwa juu ya H, J, K na L, nawe ukabonyeza Ctrl pamoja navyo. Hata hilo halikubuniwa hewani: Ctrl-H ni 8, rudi nyuma, na Ctrl-J ni 10, shuka mstari, kama ASCII ilivyosema tangu zamani. Esc nayo ilikaa mahali Tab ilipo leo, karibu na kidole. Anayelalamika kwamba Esc ya vi iko mbali angeuliza kwanza kibodi ilikuwa ipi.

Jirani zetu wa Uganda wana mkono kidogo katika ukoo huu. Bram Moolenaar, Mholanzi aliyetoa Vim mwaka 1991, alifanya kazi mwaka 1994 huko Kibaale, kusini mwa Uganda, na tangu hapo Vim ikaomba watumiaji wake wachangie watoto wa huko. Alifariki Agosti 2023. Andika :help uganda usome mwenyewe.

Turudi kwenye mshale. Watengenezaji walipoweka vitufe vya mishale vya kweli, ASCII ilikuwa imejaa. Ikabidi mshale utumwe kama herufi kadhaa zinazoanza na Esc. VT52 ya DEC, mwaka 1975, ilituma Esc na A. VT100 ya mwaka 1978 ikatuma Esc, [ na A, na ndizo alama ulizoziona kwenye cat, kwa maana ^[ ni jinsi ya kuonyesha Esc. VT100 hiyo hiyo ikiwekwa katika hali nyingine ilituma Esc, O na A. Hapo ndipo balaa lilipoingia. Katika vi, Esc maana yake ni toka kwenye kuandika, na O ni fungua mstari mpya juu. vi isiyoutambua mshale inafanya utii kamili: inatoka, inafungua mstari, inaandika A. Kama umewahi kuona faili la mipangilio lina mistari yenye A, B, C na D zisizo na mwenyewe, sasa unajua zilitoka wapi.

Programu ikipokea 27 basi inajiuliza: je, ni mtu amebonyeza Esc, au ni mwanzo wa mshale? Baiti yenyewe haisemi. Kilichobaki ni saa. Subiri kidogo; kikifuata kitu haraka, ni mshale; kikikosekana, ni Esc. Maktaba ya ncurses kwa kawaida husubiri milisekunde 1,000, sekunde nzima, ndiyo maana programu nyingine zinaonekana nzito ukibonyeza Esc. Unaweza kupunguza kwa ESCDELAY, lakini usipunguze kwa pupa. Mtandao mbovu unaweza kutenganisha zile baiti tatu njiani, na mshale ukafika kama Esc na takataka. Sisi tulioingia seva za ng'ambo kwa setilaiti, kabla nyaya za baharini hazijafika Mombasa mwaka 2009, tunaijua hali hiyo. Herufi ilienda hadi seva na kurudi ndipo uione, zaidi ya nusu sekunde, nawe unaandika kama kipofu.

Mambo ya kiufundi yaliyobaki nitayapitia mbio. Terminali zilikuwa nyingi, kila moja na lahaja yake, hivyo Joy akatengeneza termcap, orodha ya lahaja zote, na Ken Arnold akajenga curses juu yake. Mwaka 1988 POSIX ikaleta termios. Humo unazima ICANON ili usisubiri Enter, unazima ECHO, kisha VMIN inasema unataka baiti ngapi na VTIME inasema usubiri sehemu ngapi za kumi za sekunde. Rudisha mipangilio ya awali unapotoka, hata programu ikifa vibaya. Usiporudisha, mtumiaji anabaki na terminali bubu. Dawa yake ni kuandika stty sane bila kuona unachoandika, kisha Ctrl-J badala ya Enter, kwa kuwa Enter inatuma 13 na huenda hakuna aliyebaki wa kuigeuza iwe 10.

Leo kuna njia mpya. Terminali ya kitty, kazi ya Kovid Goyal, imeleta itifaki ambayo baadhi ya terminali nyingine zimeipokea. Programu inaomba kwanza; ikikubaliwa, kitufe cha Esc kinakuja kama Esc[27u na Ctrl-I kinakuja kama Esc[105;5u, tofauti kabisa na Tab. Ikiomba zaidi, inaambiwa hata kitufe kinapoachiliwa, jambo ambalo kibodi ya PC ilifanya mwaka 1981. Terminali isipojibu, unarudi kwa VT100.

Hadi hapa nimezungumza kama kwamba herufi ni baiti moja. Kwa Kiswahili ni kweli: hata ng' inatosha ndani ya ASCII. Lakini jina Gĩkũyũ ni herufi sita na baiti tisa katika UTF-8, kwa sababu ĩ na ũ ni baiti mbili kila moja. Kiini kinachopika mstari kwa mtindo wa zamani hufuta baiti moja kwa kila Backspace. Andika Gĩ kisha ufute mara moja: skrini inaonyesha G peke yake, lakini nusu ya ĩ imebaki ndani na itapelekwa kwa programu. Futa mara mbili, na ndani kuko sawa ila skrini imemeza na G. Mtu anajaza jina lake sawasawa, linahifadhiwa likiwa limevunjika, kisha anaambiwa yeye ndiye aliyekosea.

Linux iliweka kipengele cha IUTF8 kurekebisha hilo katika toleo 2.6.4 la mwaka 2004. Kwa ssh, namna rasmi ya kuiambia mashine ya mbali iwashe kipengele hicho iliandikwa mwaka 2017, katika RFC 8160. Seva za zamani bado ziko kazini, kwa hiyo ukiingia moja andika stty -a utafute neno iutf8. Likitanguliwa na alama ya kutoa, limezimwa. Andika stty iutf8, kisha ujaribu tena jina lako.