Rangi inayong'aa gizani kwenye saa za wapiga mbizi

Mpiga mbizi anayeshuka baharini na mtungi wa hewa mgongoni lazima ajue dakika ngapi zimepita. Hewa ikimwishia huko chini, hana pa kuipata nyingine. Lakini kadiri anavyoshuka, mwanga wa jua hupungua, na usiku haupo kabisa. Kwa sababu hiyo saa yake hupakwa rangi inayong'aa gizani. Katika makala hii tunaeleza rangi hiyo inavyofanya kazi, na kwa nini saa kuukuu ya namna hii haifai kufunguliwa ovyo.

Sehemu zinazopakwa

Rangi huwekwa kwenye mishale, kwenye alama za saa, na kwenye alama moja ya pete inayozunguka kioo. Akianza kushuka, mpiga mbizi huizungusha pete hadi alama hiyo ielekee mshale wa dakika. Baadaye akitazama, anaona dakika zilizopita. Pete huzunguka upande mmoja tu. Ikigongwa kwa bahati mbaya, itaonyesha kuwa muda uliopita ni mrefu zaidi, naye atapanda mapema badala ya kuchelewa.

Kiwango cha kimataifa cha ISO 6425 kinataka saa hiyo isomeke gizani kutoka umbali wa sentimita 25.

Radiamu na madhara yake

Radiamu iligunduliwa na Marie na Pierre Curie nchini Ufaransa mwaka 1898. Ilichanganywa na unga wa salfaidi ya zinki. Mionzi ya radiamu ilipougonga unga huo, ulitoa mwanga usiku na mchana bila kuhitaji jua wala taa. Kampuni ya Panerai iliitumia kwenye saa za wapiga mbizi wa jeshi la majini la Italia.

Waliolipia gharama ni wafanyakazi. Huko Orange, New Jersey, nchini Marekani, wasichana waliopaka nyuso za saa walifundishwa kuchongoa ncha ya brashi kwa midomo. Kila walipofanya hivyo walimeza radiamu kidogo. Mwili huichukulia radiamu kama kalsiamu, ukaipeleka kwenye mifupa. Meno yaling'oka, taya zikaoza, na baadhi yao wakafa. Grace Fryer na wenzake wanne walifungua kesi mwaka 1927, na mwaka 1928 wakakubaliana na kampuni kulipwa fidia.

Rangi zilizofuata

Katika miaka ya 1960 watengenezaji wengi walihamia kwenye tritiamu. Mionzi yake ni dhaifu, haipenyi kioo cha saa. Saa nyingi za aina hiyo zina herufi T chini ya uso wake. Nusu ya tritiamu huisha kila baada ya miaka 12 hivi, kwa hiyo mwanga wake hufifia.

Mwaka 1993 kampuni ya Nemoto ya Japani ilitoa LumiNova, rangi isiyo na mionzi. Hii hufyonza mwanga wa jua au tochi, kisha huutoa polepole gizani. Huwaka sana mwanzoni na kufifia saa zinavyokwenda. Ndiyo maana wapiga mbizi wengine huimulika saa kwa tochi kabla ya kuingia majini.

Ukiwa na saa kuukuu

Hapa wengi hukosea. Rangi ya radiamu ikizeeka huacha kung'aa, kwa sababu unga wa zinki umechoka. Radiamu yenyewe bado ipo, maana nusu yake huisha baada ya miaka 1,600 hivi. Kwa hiyo saa ya zamani iliyozimika si lazima iwe salama.

Ukirithi au kununua saa ya kabla ya miaka ya 1970 yenye rangi iliyogeuka kahawia:

- Usiifungue, na usikwangue rangi. Hatari kubwa ni kuvuta au kumeza vumbi lake.
- Usiwape watoto waichezee.
- Mwambie fundi umri wa saa kabla hajaigusa.
- Kioo kikiwa kimevunjika, itie kwenye mfuko, ufunge vizuri, kisha unawe mikono.

Kwa walioko Tanzania, masuala ya mionzi husimamiwa na Tume ya Nguvu za Atomu Tanzania (TAEC). Waulize wao kabla ya kuitupa.