Mkungu Mmoja

Kaunta buku lenyewe lilikuwa ndani ya sanduku la bati chini ya kitanda cha baba, limefungwa kwa kipande cha mpira wa baiskeli, pamoja na kadi zetu za kliniki na kitambulisho chake cha kiwandani. Jalada limetafunwa na mende. Juu yake kaandika kwa wino wa bluu, kwa ule mwandiko wake wa kulala upande: ZAMU ZA SUNGUSUNGU. Linaanza 1990, linaishia 1993. Baba alikuwa katibu.

Mimi nilikuwa natafuta cheti changu cha kuzaliwa. Sikukipata siku ile, maana nilikaa sakafuni nikasoma mpaka jua likageuka. Shuleni tulikariri Mkutano wa Berlin na tarehe zake zote, lakini hapa, ndugu msomaji, nilikuwa na mtaa wetu wenyewe mkononi, usiku kwa usiku. Tarehe, jina, namba ya nyumba, kafika au hakufika, faini. Watu kumi na wawili kila zamu.

Jambo la kwanza nililoliona ni msimu. Februari na Machi watu wanafika vizuri tu. Ikiingia Juni, safu ya sababu inajaa neno moja: baridi. Baridi. Mgonjwa. Baridi. Fundi cherehani mmoja sababu yake iliandikwa hivi: "Ana blanketi moja, wanajifunika watoto." Huyo faini hakutozwa.

Msomaji wa Makete au wa Lushoto atacheka akisikia Morogoro kuna baridi. Na acheke. Lakini kuanzia Juni mpaka Agosti, jua likishazama, upepo unateremka kutoka Uluguru kama mtu aliyetumwa kudai deni, na wewe uliyelala na shuka moja tangu Oktoba unaanza kutafuta sweta la mtumba. Huko juu, Mgeta na Nyandira, ndiyo usiseme, ukungu unaingia hadi jikoni. Na kipupwe ni msimu wa wezi. Mavuno yameshaingia ndani, hela ya mahindi iko chini ya godoro, watu wamejifunika gubigubi na hata mbwa kajikunja mkia puani. Ardhi imekauka, nyayo hazionekani. Kwa hiyo ulinzi ulitakiwa zaidi miezi ileile ambayo kila mtu alitamani kubaki ndani. Ugomvi karibu wote ulioandikwa mle umetokana na hilo.

Mji huu tangu mwanzo umekuwa na shughuli na wezi, na mwanzo wenyewe una kichekesho. Aliyeujenga, karne ya 19, ni Kisabengo, mtu aliyetoka Uzigua. Henry Morton Stanley alipopita hapa mwaka 1871, akimtafuta Livingstone, Kisabengo alikuwa ameshafariki na anayetawala ni binti yake, Simbamwene. Stanley aliandika kwamba yule mzee alikuwa mteka watu mashuhuri, kajikusanyia watoro na watu wa kila namna. Mzungu yule alikuwa na chumvi nyingi kwenye kalamu, hilo tunalijua. Lakini ukuta aliuona kwa macho yake: wa mawe, wenye minara kwenye pembe na malango manne, moja kila upande, yenye milango ya mbao ngumu iliyonakshiwa. Basi mtu anayesemwa kuwa aliiba watu akajenga boma ili yeye asiibiwe! Mwaka uliofuata, 1872, Stanley akirudi pwani alikuta mafuriko ya Ngerengere yameubomoa ukuta wa mbele na kuchukua nyumba kama hamsini.

Ninachotaka kukisema kuhusu Kisabengo ni kwamba mji wake ulikuwa mji wa wageni, na mpaka leo ndivyo ulivyo. Waluguru, wenye nchi, walikuwa na bado wako mlimani. Mjini wakaja watu wa pwani, Wahindi wa duka, watu wa mashamba ya mkonge, watu wa reli, na baadaye watu wa viwanda. Baba yangu ni Mnyamwezi wa Nzega, aliletwa na kiwanda. Usiku, kwenye mji wa namna hiyo, mlinzi akimwuliza mtu "Wewe nani?", si rahisi ajue la kufanya na jibu atakalopewa.

Sungusungu wa kwanza hawakuwa na tabu hiyo. Walianzia kwa Wasukuma na Wanyamwezi, upande wa Kahama na jirani zake, mwanzoni mwa miaka ya 1980. Vita vya Kagera vilikuwa vimekwisha 1979, silaha zimezagaa, dukani hakuna sabuni wala khanga, na ng'ombe wanaswagwa usiku. Wanakijiji wakaona wakisubiri polisi watamalizwa. Wakashika pinde na mishale, wakagawana filimbi, wakajipa viongozi wenye majina ya kitemi. Ikipigwa yowe, kila mwanamume anatoka, na asiyetoka anaulizwa. Jina ni la yule chungu mweusi anayetembea kwa kundi na kuuma. Mkosaji alitozwa ng'ombe, au akatengwa: hasalimiwi, hapewi moto, hasaidiwi kuzika. Kijiji kizima kilijuana mpaka mababu, kwa hiyo adhabu ya kutosalimiwa ilikuwa na makali.

Tusiwapambe kupita kiasi, lakini. Hao hao waliwafukuza vikongwe vijijini kwa kuwaita wachawi, na wapo waliouawa mikononi mwao. Mahakama na polisi waliwatazama kwa jicho la shaka, huku chama kikiwakumbatia. Mwisho serikali ikaamua kuwafuga: mwaka 1989 sheria za mgambo zikarekebishwa, walinzi wa jadi wakapewa uwezo wa kukamata kama mgambo. Mwaka 1990 Augustine Mrema akawa Waziri wa Mambo ya Ndani, na sungusungu wakahimizwa mijini. Kwa muda mfupi tu, kitu cha wafugaji wa Unyamwezi kikawa amri ya mtaa wa mabati, kikapachikwa juu ya balozi wa nyumba kumi, mfumo ambao TANU iliuanzisha katika miaka ya 1960.

Ndipo baba akashika kalamu. Walimchagua, anasema, kwa kuwa ni Mnyamwezi: "Walidhani sisi tumezaliwa na filimbi mdomoni."

Sasa nije kwenye ukurasa ulionipa tabu.

Julai 1991. Zamu imeandikwa kama kawaida, tisa wamefika, watatu hawakufika. Chini yake: "Saa tisa usiku mmoja kakamatwa, kapelekwa kituoni." Siku ya pili mstari mmoja: "Yule kaachiwa." Basi. Ila baba alikuwa na desturi ya kuandika mahitaji ya zamu pembeni, nani kanunua na kwa bei gani: sukari, majani ya chai, betri za tochi, mkaa. Usiku ule yameandikwa sukari nusu kilo, bei na mnunuzi. Majani ya chai, bei na mnunuzi. Halafu: "Ndizi, mkungu 1." Hakuna bei. Hakuna mnunuzi.

Nililipekua kaunta buku lote, mbele na nyuma. Hakuna usiku mwingine wenye ndizi.

Jioni nilimkuta nje, kajifunga shuka begani, anasikiliza redio. Nikamwamkia, nikakaa. Nikamwambia, baba, nimeona kaunta buku lako. Akapunguza sauti ya redio. Nikamwuliza mkungu ule ulitoka wapi. Alikaa kimya muda mrefu, nikadhani hakunisikia.

"Alikuwa kijana," akasema. "Ametoka juu."

Anayeijua Morogoro ataelewa habari yote kwa maneno hayo mawili. Watu wa vijiji vya mlimani huteremka usiku ili alfajiri iwakute sokoni, mzigo kichwani, hasa kiangazi ambapo njia hazitelezi. Ndizi, mboga na maharage tunavyokula mjini hufika hivyo, na maji tunayokunywa yanatoka kwenye mlima huohuo. Kijana alikuwa na mkungu begani na kavaa koti kubwa. Walinzi wakamsimamisha. Koti la nini? Umeficha nini? Akasema baridi. Wao wenyewe walikuwa wanatetemeka kwa baridi, lakini jibu lile waliliona la uongo.

Wakamwuliza baba yake nani. Hapo akajibu kwa kutaja ukoo wa mama yake.

Kwa Mluguru hilo ndilo jibu sahihi. Ukoo unafuata mama, na ardhi ya ukoo nayo hupita huko huko; mjomba ana neno kuliko baba. Ukitaka kujua mtu ni nani unauliza ukoo wa mama yake, ukishaujua umejua yote. Lakini pale walisimama Mnyamwezi, Mngoni, Mpogoro, Mnyaturu na wengine, na wakaona kijana anakwepa swali. Mmoja akasema huyu anatuchezea. Wakampiga kwa rungu. Mkono wake wa kushoto ulivunjika.

"Wewe ulielewa alichosema?" nikamwuliza baba.

"Nilielewa."

"Vipi?"

"Nilikuwa nimeshamwoa mama yako."

Mama yangu ni Mluguru. Sikuwa nimezaliwa mwaka ule, lakini kaka yangu alikuwepo, na kwa hesabu za mlimani kaka yangu ni mtu wa ukoo wa mama, kama mimi. Baba alikuwa mtu pekee kwenye kundi lile aliyejua kwamba kijana amejibu vizuri. Angeweza kusema. Anasema alifungua mdomo, halafu akaona wenzake watadhani anamtetea shemeji. Na yeye ni katibu. Ndizi zilibaki kibandani, asubuhi wakazichoma wakanywea chai. Kijana alipoachiwa hakurudi kuzidai.

"Kwa nini uliandika, sasa?"

"Niliandika vitu vilivyoliwa," akasema. "Ndiyo kazi ya katibu."

Bibi yangu wa mlimani, mama yake mama, nilipompelekea habari hii hakushangaa hata kidogo. Yeye aliniambia ya 1955. Waingereza walikuwa na mpango wao wa kuokoa udongo wa Uluguru. Watu wakalazimishwa kuchimba matuta ya ngazi milimani, kazi ya sulubu, huku watumishi wa watawala wakipita kukagua nani kachimba na nani kakaa. Mwaka ule kule Matombo watu walikataa, ikawa ghasia, polisi wakafyatua risasi na mtu mmoja akafa. Mpango ukaachwa. Bibi alikuwa binti mdogo. Alichokumbuka zaidi ni daftari: kwamba kila aliyekuja kuwakagua alikuwa na daftari. Akanitazama nilivyokaa na kaunta buku la baba mapajani, akaniuliza nitakula ugali au ndizi.

Sungusungu wa mtaani kwetu walikufa bila mazishi. Vyama vingi vilikuja 1992, balozi wa chama akapungua nguvu, watu wakaanza kuuliza kwa nini mwenye gari halindi na mwenye baiskeli analinda. Ukurasa wa mwisho wa kaunta buku una majina kumi na mawili na "hakufika" mara kumi na mbili. Hata katibu kajiandika hakufika! Miaka ya 2000 wazo likarudi na majina mapya, polisi jamii na ulinzi shirikishi, hasa baada ya Said Mwema kuwa Inspekta Jenerali wa Polisi mwaka 2006. Siku hizi mtaani kwetu kila nyumba inachanga, vijana wanalipwa posho, asiyetaka kulinda anatoa hela analala. Watu wengi wanaona ni nafuu. Mimi naona kuna kitu kimepotea pale ambapo mwenye nyumba hajui tena usiku wa mtaa wake unafananaje. Ila na mimi, ningekuwa na hela, labda ningelala.

Sikuwa nazo. Kwa hiyo Julai iliyopita nilikuwa kwenye zamu, tochi mkononi, koti la baba mwilini. Saa kumi usiku tukaona watu wanateremka, wanawake watano, mizigo kichwani, khanga mbili mbili. Mwenzangu, kijana wa juzi tu kutoka Singida, akawamulika usoni akasema simama. Nikamwambia zima tochi. Akaizima.

"Shikamooni mama zangu," nikasema.

"Marahaba." Hawakusimama vizuri, walipunguza mwendo tu. Aliyetangulia, mtu mzima, akageuza shingo chini ya mkungu wake akanitazama. "Na wewe ni nani?"

Nikataja ukoo wa mama.

Akaniuliza mama yangu ni mtoto wa yupi. Nikamwambia. Akanyamaza kidogo, anahesabu, kisha akasema kumbe, basi mimi ni mjukuu wake kwa upande fulani ambao sikuuelewa vizuri, na kwamba koti lile ni kubwa mno kwangu. Wakaendelea kuteremka kuelekea sokoni.