Sumu ya lichi ilivyohusishwa na vifo vya watoto India

Tangu 1995, wilaya ya Muzaffarpur, jimbo la Bihar nchini India, ilikuwa ikikumbwa na maradhi ya kutatanisha kila ulipowadia msimu wa lichi, tunda la jamii moja na shokishoki. Watoto waliolala wakiwa wazima walishikwa na degedege alfajiri, wakapoteza fahamu. Baadhi ya wataalamu walishuku virusi vya homa ya ubongo. Wengine, joto kali au dawa za kuulia wadudu.

Mwaka wa 2014, wachunguzi wa India na Marekani walifuatilia wagonjwa 390 waliolazwa katika hospitali mbili, ambao 122 walifariki. Hawakupata ushahidi wa maambukizi. Wengi walikuwa na upungufu mkubwa wa sukari katika damu, na mikojo iliyopimwa ikafichua mabaki ya haipoglisini, sumu ya asili iliyomo ndani ya lichi, hasa mbichi.

Aghalabu watoto hao, wa familia maskini, walishinda mashambani wakila matunda na kulala bila chajio. Akiba ya sukari inapokwisha usiku, mwili hutegemea mafuta. Sumu hiyo huzuia njia hiyo. Ajabu ni kwamba Jamaica iliijua zamani, katika tunda la aki lisiloiva, ambalo pia ni la jamii hiyo.

Wazazi walishauriwa kuwapa watoto chakula cha jioni, na madaktari kuwarejeshea wagonjwa sukari upesi. Visa vilipungua, lakini Juni 2019 zaidi ya watoto 100 walifariki tena Bihar.