Ardhi Ina Mwenyewe, Mnyama Ni wa Wote



Nchelenge ni mji wa Zambia ulio ufukoni mwa Ziwa Mweru; ng'ambo ya maji ni Kongo. Wenyeji wake ni wavuvi mashuhuri, lakini nchi iliyo nyuma ya ziwa ilikuwa pia nchi ya tembo na nyati. Historia yake yatusaidia kulijibu swali analokutana nalo askari wa doria: mwenye shamba akimpiga mnyama ndani ya shamba lake bila kibali, ana kosa gani, ikiwa ardhi ni yake na majani ni yake?

Enzi za Mwata Kazembe uwindaji haukuwa wa holela. Katika falme za sehemu zile, tembo alipouawa, pembe iliyogusa ardhi ilikuwa haki ya mtawala. Mwindaji alikiri hivyo kwamba mnyama yule hakumfuga yeye, na kwamba wenziwe walikuwa na fungu lao.

Mwaka 1890 Alfred Sharpe, afisa wa Kiingereza aliyekuwa pia mwindaji wa tembo, alifika kwa Kazembe. Baadaye Kampuni ya Uingereza ya Afrika Kusini iliitawala nchi hiyo hadi mwaka 1924. Mzungu mwenye fedha alikata leseni akawinda; mwanakijiji aliyetafuta kitoweo katika ardhi ya babu zake akaitwa mwizi. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu.

Si ajabu, basi, kwamba hata baada ya uhuru wa mwaka 1964 wengi waliiona sheria ya wanyama kuwa ni sheria ya wakubwa. Lusenga na Mweru Wantipa zilifanywa hifadhi za taifa mwaka 1972, lakini ujangili uliwapunguza mno wanyama wake.

Hata hivyo, dhuluma ya mkoloni haimhalalishii mwenye shamba wa leo. Mnyama hajui mpaka: jana alikunywa maji kwa jirani, kesho atalala kwa mwingine. Amwuaye kwa siri amewanyang'anya wote. Sheria ya Zambia ya mwaka 2015 yamweka mnyama wa porini mikononi mwa Rais kwa niaba ya Jamhuri. Yamruhusu mwenye ardhi kufuga wanyama kwa hati, na yamruhusu mtu kujihami na kulinda mali yake, mradi atoe taarifa.

Ndugu askari, sheria iliyozaliwa katika upendeleo haitaheshimiwa mpaka upendeleo ukome. Mwenye shamba kubwa akimwandalia ofisa nyama isiyo na kibali, naye ofisa akala, kesho yake atamkamata kwa uso gani mvuvi maskini aliyetega swala kwa waya? Bunduki mliyokabidhiwa ni ya wananchi, na mnyama pia ni wao.