Jela ilianza kama ofisi ya kodi

Wasee, kila picha ya jela zetu ikisambaa, watu wamelala sakafuni ubavu kwa ubavu, maoni huwa ni yale yale: uhalifu umezidi. Mimi nasema hebu turudi 1901 kwanza.

Mwaka huo mkoloni alianza kutoza kodi ya nyumba. Alichotaka ni rupia, na rupia ungezitoa wapi kama si kwa shamba la mzungu? Usipolipa, unashikwa. Kufikia 1920 kipande kikaingia. Kila mwanamume Mwafrika, kuanzia miaka 16, anatembea na karatasi yenye alama za vidole na rekodi ya kazi, ndani ya kikopo cha chuma shingoni. Umeisahau nyumbani? Ndani. Umetoroka kazi kabla mkataba kuisha? Ndani. Hapo hakuna mwizi hata mmoja, lakini jela inajaa. 1925 wakatunga sheria ya kambi za vizuizi kwa ajili ya makosa madogo madogo kama hayo.

Na waliofungwa walifanya kazi. Uwanja wa ndege wa Embakasi, uliofunguliwa 1958, ulijengwa kwa jasho la watu waliozuiliwa wakati wa Mau Mau. Mifereji ya Mwea pia. Ule mchele wa pilau unaousifia, mashamba yake yalianza hivyo. Hakuna tenda, hakuna kontrakta wa kudai pesa. Serikali yenye mfuko mtupu ilipata vibarua wa bure, na ikaita hiyo haki.

Uhuru ukaja, kodi ya nyumba ikaenda, lakini tabia ilibaki. Sheria ya uzururaji ilifutwa 1997. Yaani miaka 34 baada ya Uhuru bado ungeshikwa kwa kukosa kazi na pa kulala! Mahakama ya Afrika pale Arusha ilitoa maoni Desemba 2020 kwamba sheria za aina hii zinakiuka haki za watu.

Tusiseme hakuna kilichofanyika. Sheria ya huduma kwa jamii ilipita 1998, ili mtu wa kosa dogo afagie soko badala ya kufungwa. Moody Awori akiwa Makamu wa Rais alipeleka magodoro na televisheni jela, na watu walicheka sana hizo televisheni. Mimi sikuona cha kuchekesha. Lakini godoro haliongezi chumba. Jela za Kenya zimekuwa zikibeba zaidi ya watu 50,000 kwenye nafasi zisizofika 35,000, na wengi wao ni mahabusu ambao hakuna korti imewapata na hatia.

Sasa angalia upande wa madeni makubwa. Kashfa ya Anglo Leasing ililipuka 2004. Mei 2014 Hazina ilitoa takriban shilingi bilioni 1.4 kwa kampuni za kashfa hiyo hiyo, kwa sababu Kenya ilishindwa kesi Ulaya na deni lilikuwa linazuia kuuza Eurobond. Mwezi uliofuata tukakopa dola bilioni 2. Kontrakta mdogo aliyejenga madarasa na kuyamaliza bado anazungushwa miaka, vibarua wake wanamdai, yeye anadai serikali. Deni la mwenye mawakili London lina haraka. La fundi wa mawe linaundiwa kamati.

Mtaani kwetu kuna kijana alishikwa na kanjo akiuza maji barabarani bila leseni. Dhamana, shilingi 5,000. Katiba, kifungu cha 49, inasema usiwekwe rumande kwa kosa la faini tu au kifungo kisichozidi miezi sita, lakini hakuna aliyemsomea. Mamake anauza chapati. Tulichanga kwa M-Pesa, mia mia, hamsini hamsini, ikatimia Ijumaa saa kumi na moja jioni. Ofisi ya kulipia ilikuwa imefungwa. Akatoka Jumatatu, na kwa siku hizo zote alikuwa anawahesabika kwenye ule msongamano.