Nyumba ya Mahameni (3)

ILIPOISHIA: Baba amestaafu kazi Dar es Salaam na kujenga nyumba ya likizo kijijini kwetu, kati ya Makambako na Njombe, palipokuwa mji wa Babu. Siku tatu kabla ya Krismasi, fundi anaanza kuchimba msingi wa tangi la maji nyuma ya nyumba. Shangazi anamwona kwa mbali, anatupa jembe lake na kuja mbio…

INAENDELEA…

"Hapa hachimbi mtu!"

Shangazi alikuwa ameshaketi juu ya lile rundo la mawe, miguu ameinyoosha, khanga imelowa manyunyu. Fundi akaegemeza sururu ukutani.

"Kamwene, Shangazi," nilimwamkia nikipiga goti.

"Kamwene, mwanangu. Muite baba yako."

Mawe yale sote tulidhani ni mafiga ya zamani. Operesheni Vijiji ya mwaka 1974 iliwahamishia watu wetu kando ya barabara, nyumba zikaanguka, ikabaki mianzi tu. Shangazi hakuacha kurudi pale kila mwaka. Tulijua anafuata ulanzi. Kumbe alikuwa akipalilia.

Baba alitoka na kikombe cha chai mkononi.

"Hili ni kaburi la baba yetu," Shangazi alimwambia. "Mawe haya tuliyapanga mwaka 1953, nina miaka minane."

"Dada, baba alizikwa Tanga. Mama mwenyewe aliniambia."

"Kama Tanga walizika mtu, sisi hatukumwona. Hapa tulizika blanketi lake."

Akanituma nyumbani kwake nikachukue kopo la majani ya chai lililokuwa uvunguni. Nilikwenda mbio na kurudi mbio, kopo nimelikumbatia kifuani. Ndani mlikuwa na kadi ya kipande, imelainika kama kitambaa. Wanaume wengi wa Ubena walikwenda hivyo kwenye mkonge wa Tanga: unapewa namba, jina lako unaliacha nyumbani, ndiyo maana wakaitwa manamba. Kipande kimoja kilikuwa siku thelathini za kazi, kila siku na alama yake. Nilihesabu alama za Babu kwa ncha ya kidole. Kumi na saba. Baada ya hapo vyumba vilikuwa vitupu.

Nilishindwa kuiachia kadi ile. Babu sikuwahi kuona hata picha yake, na hizi zilikuwa siku zake kumi na saba, nazishika.

"Mwenzake ndiye aliyetuletea hiyo kadi na blanketi," Shangazi alisema. "Akasema homa imemchukua. Mama akalia, tukazika."

Baba aliweka kikombe chini taratibu, kwenye tope.

"Mwaka gani, Dada?"

"Nimekwambia. 1953."

"Mimi nimezaliwa 1956."

Mwaka huo ndio ulioandikwa kwenye cheti chake, ndio uliomstaafisha mwaka 2016. Fundi akachukua sururu yake akaondoka bila kuaga.

Shangazi hakumjibu. Alifungua fundo la khanga, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne, akanipa mimi nisome kwa sababu macho ya Baba yalikuwa yamejaa machozi. Ilikuwa ya penseli, imeandikwa Korogwe, mwaka 1955:

"Mke wangu, nasikia mmenilia. Mimi ni mzima. Nitashuka Makambako na lori kabla ya mvua. Usimwambie mtu."

"Alifika?" Sauti ya Baba ilikuwa ya mtoto.

"Alifika, mdogo wangu. Usiku. Mama alikuwa amelala, mlango niliufungua mimi." Shangazi akapapasa jiwe moja, kama mtu anayempapasa mgonjwa. "Lakini hakuja peke yake. Na huyo aliyekuja naye, hakuondoka. Yumo humu chini, juu ya lile blanketi."

ITAENDELEA WIKI IJAYO